Rula ya mwanga imeingia ndani ya seli. Kenya tutaishika lini?

Kama uliwahi kupimwa korona kwa kipimo cha PCR, kuna jambo lilifanyika kule maabara ambalo huenda hukuambiwa. Baada ya pamba ile ndefu kutolewa puani mwako, sampuli yako ilichanganywa na vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kiwandani. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, kila kipande hubeba vitu viwili: rangi inayong'aa upande mmoja, na upande wa pili kitu cha kuuzima mwanga wa ile rangi. Vikiwa karibu, giza. Kama virusi vimo, kimeng'enya kinakikata kile kipande, rangi inaachana na mzimaji wake, na mwanga unatokea. Mashine inahesabu mwanga huo, nawe unatumiwa majibu kwa simu.

Yaani mashine haikuona kirusi hata kimoja. Ilichogundua ni kwamba vitu viwili vilivyokuwa vimekaribiana sana sasa vimetengana. Ilipima umbali, basi.

Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu katika hospitali zetu nyingi hutumia ujanja wa ukoo huo huo. Kwa hivyo usidhani habari hii ni ya Wazungu waliovaa makoti meupe mbali huko. Rula ya mwanga tayari imepita mwilini mwako au kwa mtu unayemjua. Tatizo ni kwamba ilipita ikiwa ndani ya kisanduku kilichofungwa, na sisi kazi yetu ilikuwa kununua kisanduku.

Nakuletea habari hii sasa kwa sababu rula hiyo imepiga hatua kubwa. Mwaka wa 2023 na tena 2024, watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba hadubini ya mwanga inaweza kupima umbali kati ya molekuli kwa usahihi wa angstromu, yaani sehemu ya kumi ya nanomita. Hicho ni kipimo cha ukubwa wa atomu. Miaka 30 iliyopita ungesema hivyo mbele ya profesa wa fizikia, angekuambia urudi darasani.

Hebu tuone ilifanyikaje, halafu tuulize swali linalotuhusu: nani ataishika hii rula, na ataitumia kujibu maswali ya nani?

Taa mbili kwenye Thika Road

Simama usiku kwenye daraja la watu kuvuka Thika Road. Tazama magari yanayokuja kutoka mbali. Gari likiwa mbali sana, taa zake mbili zinaonekana kama taa moja. Likikaribia, ile moja inagawanyika na unaona ni mbili. Gari halijabadilika. Ni macho yako yaliyokuwa yamefika mwisho wa uwezo wake.

Hadubini ina mwisho kama huo. Mwaka wa 1873 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba mwanga husafiri kama mawimbi, na wimbi haliwezi kukuonyesha vitu viwili vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wake. Kwa mwanga tunaouona, hiyo ni karibu nanomita 200. Unaweza kununua lenzi ya bei gani unayotaka, ukuta huo bado upo.

Nanomita 200 ni kitu gani? Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,500 hivi. Sasa ichukue seli hiyo, ipanue mpaka ienee uwanja wa Kasarani, takriban mita 100 kutoka goli hadi goli. Katika uwanja huo, nanomita moja ingekuwa sentimita 1.3, sawa na upana wa ukucha. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, ingekuwa na ukubwa wa chungwa. Na ukuta wa Abbe? Mita 2.7.

Hiyo ni kusema kwamba kwa hadubini ya kawaida, machungwa yote yaliyo ndani ya mita 2.7 yanaonekana kama doa moja lililofifia. Je, machungwa mawili yamegusana, au yako mbali kiasi kwamba mtu anaweza kulala katikati? Huwezi kujua.

Na kujua ni muhimu. Protini nyingi hazifanyi kazi peke yake. Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa hawakuwa wakiongea juu ya seli, lakini huko ndani mambo ni hayo hayo: protini hii inaikamata ile, zinaunda jozi, ndipo amri inapita. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kuzuia mshikano kama huo au kuuchochea. Ukishindwa kupima kama wawili wameshikana, unabaki kukisia.

Jirani anayesikia muziki wako

Ujanja wa kwanza wa kuukwepa ukuta haukuhitaji lenzi mpya. Katika miaka ya 1940 Mjerumani mwingine, Theodor Förster, alieleza kwa hesabu kwamba molekuli mbili zenye rangi zinazofaa zinaweza kupokezana nishati bila hata kurushiana mwanga, mradi ziwe karibu sana. Unaimulika ya kwanza, lakini inayong'aa ni ya pili.

Fikiria uko kwenye matatu na mtu anasikiliza muziki kwenye simu, sauti ya chini. Aliyekaa naye kiti kimoja anausikia wimbo. Wa kiti cha nyuma anasikia mdundo tu. Makanga pale mlangoni hasikii kitu. Ukiwauliza abiria wamesikia nini, unaweza kujua nani alikaa wapi bila kuona viti.

Tofauti ni kwamba kwa molekuli mambo ni makali zaidi, kwa sababu nguvu ya kupokezana hushuka kwa kipeo cha sita cha umbali. Chukua jozi ya rangi ambayo ikiwa na umbali wa nanomita 5 hupokezana nusu ya nishati. Zisogeze hadi nanomita 2.5, zinapokezana zaidi ya asilimia 98. Zitenganishe hadi nanomita 10, kinachopita ni chini ya asilimia 2. Mwaka wa 1967 Lubert Stryer na Richard Haugland walizifunga rangi mbili kwenye minyororo ya urefu unaojulikana, wakathibitisha kwamba hesabu ya Förster inakubali. Tangu hapo wanasayansi wakaanza kuiita njia hii rula.

Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi ndani ya seli iliyo hai, wakati huo huo jambo linapotokea. Ubaya wake ni kwamba inapima kati ya nanomita 1 na 10 tu. Kule Kasarani, hiyo ni kati ya sentimita 1.3 na 13. Nje ya hapo, kimya.

Konyeza, dereva na sebule

Ili kuweka rangi ndani ya seli hai, msaada ulitoka baharini. Mwaka wa 1962 Osamu Shimomura, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza protini aliyoipata kwa konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha ukimgusa. Protini hiyo hung'aa kijani ikimulikwa. Mwaka wa 1992 Douglas Prasher akafaulu kuipata jeni yake. Miaka miwili baadaye Martin Chalfie akaonyesha kwamba ukiitia jeni hiyo kwenye bakteria au mnyoo, nao hung'aa. Roger Tsien akatengeneza rangi nyingine nyingi. Sasa ungeweza kuiambia seli yenyewe ijitengenezee taa na kuibandika kwenye protini unayoitaka.

Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2008. Prasher je? Pesa za utafiti wake zilikuwa zimeisha zamani. Kabla hajaondoka, alikuwa ametuma jeni ile kwa Chalfie na Tsien. Tuzo ilipotangazwa, yeye alikuwa dereva wa gari la kubebea wateja katika kampuni ya kuuza magari huko Alabama. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Ukuta wa Abbe nao ulianza kubomoka. Stefan Hell, mzaliwa wa Romania aliyekulia Ujerumani, alichapisha mwaka wa 1994 wazo la kutumia leza mbili: moja inawasha rangi, ya pili yenye umbo la mandazi ya tundu inazima kila kitu isipokuwa katikati. Kinachobaki kiking'aa ni kidoa kidogo kuliko ukuta wa Abbe unavyoruhusu.

Eric Betzig wa Marekani alipitia njia nyingine, na hadithi yake ni ya kumpa moyo kila aliyetarmac mjini. Alikuwa ameacha utafiti, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya mashine ya babake. Kisha yeye na rafiki yake Harald Hess, wote wawili bila ajira, waliunda hadubini yao kwenye sebule ya Hess huko California. Wazo lao lilikuwa hili: usiziwashe taa zote pamoja. Washa chache, tafuta katikati ya kila doa, zima, washa nyingine. Rudia maelfu ya mara, halafu iache kompyuta ipange vitone vyote.

Jambo la kushika hapa ni la hesabu. Doa la mwanga ni pana, lakini katikati yake unaweza kupata kwa usahihi mkubwa ukiwa na chembe nyingi za mwanga. Ukikusanya chembe 100, usahihi unaongezeka mara 10. Ukikusanya 10,000, unaongezeka mara 100. Kwa hiyo doa la nanomita mia kadhaa linaweza kukupa mahali pa taa kwa kukosea nanomita chache tu. Betzig, Hell na William Moerner walishinda Nobel ya Kemia mwaka wa 2014.

Kutoka nanomita hadi angstromu

Mwaka wa 2023 kundi la Ralf Jungmann, katika taasisi ya Max Planck karibu na mji wa Munich, liliondoa tatizo lililokuwa limebaki. Taa mbili zikikaribiana sana, hata ukiziwasha kwa zamu utachanganya ni ipi ni ipi. Wao wakaipa kila taa jirani alama yake ya DNA, sawa na kuwaita mapacha kwa majina badala ya kupaza sauti "wewe!" wakaitika wote. Kila mmoja akiitwa peke yake mara nyingi, wastani wa majibu unakuambia alipo hasa. Walipima vitu viwili kwenye DNA vilivyotengana kwa chini ya nanomita moja.

Kisha wakafanya jambo ambalo hata daktari wa wodi atalisikiliza. Walitazama CD20, protini iliyo juu ya seli fulani za kinga, ambayo hulengwa na dawa ya saratani iitwayo rituximab. Bila dawa, CD20 zilikaa wawili wawili. Dawa ilipowekwa, zilijipanga kama minyororo. Rituximab iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Watu walikuwa wakitibiwa nayo miaka na mikaka, na sasa ndipo mpangilio huo unaonekana kwa mwanga, molekuli kwa molekuli.

Mwaka wa 2024 kundi la Stefan Hell likaonyesha njia yake, iitwayo MINFLUX, ikipima umbali ndani ya molekuli moja, kuanzia nanomita 10 kushuka hadi 1, kwa usahihi wa angstromu. Siri yake inachekesha. Badala ya kutafuta mahali mwanga ni mkali, inasogeza leza yenye giza katikati na kuuliza: giza liko wapi? Taa ikikaa kwenye giza, haing'ai, na hapo umeshajua iko wapi bila kuhitaji chembe nyingi za mwanga. Kule Kasarani, angstromu moja ni milimita 1.3. Tulianza na ukuta wa mita 2.7.

Kuwa karibu si kushikana

Sasa tuje nyumbani. Ukiumwa na malaria hapa Kenya, dawa ya kwanza utakayopewa kwa kawaida ni ile ya AL, yenye kiungo cha jamii ya artemisinini. Kati ya 2020 na 2021 watafiti walithibitisha kwamba nchini Rwanda na Uganda kuna vimelea vya malaria vilivyobadilika jeni iitwayo K13, na vinachelewa kufa dawa hiyo ikitumiwa. Uganda ni jirani wa mlango kwa mlango. Mbu haonyeshi pasipoti pale Busia.

Mabadiliko ya K13 yanaisaidiaje malaria kustahimili dawa? Sehemu kubwa ya jibu ilitoka mwaka wa 2020, Hamburg, Ujerumani, katika taasisi ya Bernhard Nocht. Watafiti walibandika taa kwenye K13 na protini nyingine, wakaona zinakaa pamoja mahali pamoja pembezoni mwa kimelea. Mahali hapo ni kama mdomo: ndipo kimelea kinapomezea hemoglobini ya damu yako. K13 ikipungua nguvu, kimelea kinameza kidogo. Na kwa kuwa artemisinini huamshwa na mabaki ya hemoglobini iliyoyeyushwa, kimelea kinachokula kidogo kinaamsha sumu kidogo. Ni kama mtu anayesusia chakula akijua kimetiwa kitu.

Ona vile jibu lilivyotegemea swali la "nani anakaa karibu na nani". Na hapo ndipo rula mpya inaleta tofauti. Hadubini ya kawaida inakuambia protini mbili ziko mtaa mmoja. Rula ya nanomita inaweza kukuambia kama zimeshikana mikono. Mtu anayetafuta dawa mpya anahitaji jibu la pili, kwa sababu huwezi kuuvunja mkono ambao hujui kama upo.

Vimelea vilivyobadilika vimeonekana Uganda na Rwanda. Wanaougua wako hapa kwetu. Maelezo ya mdomo wa kimelea yalitoka Hamburg. Hakuna ubaya watu wa Hamburg kufanya kazi nzuri, na tunapaswa kuwashukuru. Lakini jiulize: wakiamua kesho kwamba pesa zao ziende kwa ugonjwa mwingine, swali letu litabaki mikononi mwa nani? Wahenga walishatuambia: asiyekuwapo na lake halipo.

Na hilo la pesa za wengine si hofu ya kubuni. Mapema mwaka wa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, wahudumu wa afya humu nchini walirudishwa nyumbani na miradi ikasimama. Ulisoma mwenyewe.

Rula nayo ina mipaka

Kabla hujabebwa na msisimko, kuna mambo ya kuwekea alama. Hadubini hizi hazipimi protini yenyewe. Zinapima taa iliyobandikwa. Mara nyingi taa hubandikwa kwa kutumia kingamwili, na kingamwili moja ina urefu wa nanomita 10 hivi. Ni sawa na kupima umbali kati ya watu wawili gizani kwa kupima ncha za miavuli yao. Miavuli ikigusana, haimaanishi wenyewe wamegusana.

Suluhisho mojawapo lilitokana na ngamia. Mwaka wa 1993 kundi la Raymond Hamers huko Brussels lilichapisha kwamba ngamia ana kingamwili za aina ya pekee, zilizo rahisi kuliko zetu. Ukichukua ncha yake tu inayoshika, unapata kitu cha nanomita 2 hadi 4. Siku hizi maabara nyingi hutumia vijikingamwili hivyo kubandika taa karibu zaidi na protini. Ngamia wa Marsabit, Garissa na Turkana wote wana kingamwili za aina hiyo kwenye damu zao. Sisi tumewafuga kwa maziwa na nyama karne nyingi. Kingamwili zao zikaelezwa Ubelgiji.

Pili, vipimo vikali zaidi mara nyingi hufanywa kwenye seli zilizokwisha kukaushwa kwa kemikali, si hai. Huchukua muda mrefu. Na picha nzuri yenye rangi za kuvutia si ushahidi mpaka mtu aulize: taa ngapi hazikuwaka? Kosa la kipimo ni kiasi gani? Ukiona habari mtandaoni inayosema "wanasayansi wameona atomu zikicheza ndani ya mwili", uliza maswali hayo kabla ya kusambaza.

Sheria iko, pesa haziko

Kenya si jangwa la sayansi. Kule Kilifi watafiti wa KEMRI na wenzao wamekuwa wakichunguza malaria tangu 1989. Nairobi tuna icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, na ILRI ya utafiti wa mifugo. Akili tunazo.

Tatizo ni vyombo na pesa. Hadubini za daraja hili huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na nyingine hupita dola milioni moja, yaani zaidi ya Sh100 milioni kwa viwango vya sasa vya kubadilisha pesa. Halafu inahitaji umeme usiokatika, chumba kisichotikisika na fundi anayeielewa. Ukiinunua bila fundi, umenunua kabati ghali.

Hapo ndipo Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inaingia. Inasema hazina ya taifa ya utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Umoja wa Afrika ulikuwa umekubaliana angalau asilimia 1. Kenya haijawahi kuifikia ile asilimia 2 iliyojiandikia yenyewe. Wabunge wetu wanajua kusoma; hili ni suala la kuulizwa, na ni nani wa kuuliza kama si wewe unayeingia chuoni mwaka huu au mwaka ujao?

Najua jibu utakalopewa: tuna njaa, tuna deni, mambo ya nanomita ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Mtoto hatatibiwa na hadubini kama zahanati haina dawa. Lakini dawa hiyo hiyo ya zahanati ndiyo inayoanza kushindwa nguvu hapo Uganda. Nchi inayongoja kuambiwa na wengine dawa yake imeshindwa kwa nini, itangoja pia kuuziwa nyingine kwa bei ya muuzaji. Na kumbuka Prasher: hata Marekani tajiri ilimpoteza kwa kukosa pesa za utafiti. Sisi tunao akina Prasher wangapi wanaoendesha boda?

Si lazima kila chuo kinunue mashine yake. Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kuna kituo cha pamoja cha hadubini za hali ya juu ambacho wanasayansi wa Afrika hutuma maombi ya kukitumia. Kituo kama hicho kimoja kwa Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zikichanga, ni mradi mdogo kuliko barabara nyingi tunazozinduliwa kila wiki. Huko Tanzania nako, Taasisi ya Afya ya Ifakara na mafundi wa Dar es Salaam walishirikiana na Waingereza kwenye hadubini ya OpenFlexure, ambayo sehemu zake huchapishwa kwa plastiki na michoro yake ni ya bure. Haipimi angstromu, lakini inaonyesha vimelea vya malaria, na fundi wa hapa anaweza kuitengeneza ikiharibika. Anayejua kuunda hiyo haogopi kuifungua kubwa.

Mlango ulio wazi leo

Sasa wewe, bila maabara wala Sh100 milioni, unaingilia wapi?

Rudi kwa ile hadubini ya sebuleni. Nusu ya kazi yake ilikuwa leza na vioo. Nusu nyingine ilikuwa kompyuta: kutafuta katikati ya madoa, kuondoa kelele, kuhesabu makosa. Hiyo nusu ya pili haihitaji viza. Programu ya Fiji, inayotumiwa na maabara kote duniani kuchambua picha za hadubini, ni ya bure, na ina kiongezi kiitwacho ThunderSTORM kinachofanya hesabu hizo za madoa. Picha halisi za utafiti nazo zimewekwa wazi kwenye hifadhi kama BioImage Archive huko Ulaya. Kama unajua Python kidogo, tayari una kitu ambacho wanabiolojia wengi wanakitafuta.

Kama uko chuoni unasoma biolojia, kaa na wa kompyuta. Kama unasoma kompyuta au fizikia, mtafute wa biolojia akuulize swali lake. Kitivo chenu kina hadubini ya mng'aro iliyofunikwa nailoni? Uliza kwa heshima ilifunikwa lini na kwa nini. Wakati wa kutuma maombi ya ufadhili wa nje, tafuta maabara inayofundisha watu kuziunda na kuzirekebisha hizi mashine, si kubonyeza kitufe tu.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Rula hii iliundwa na watu: mmoja alishikilia wazo ambalo wenzake hawakuliamini, wawili walikuwa bila kazi, mwingine alikuwa akitafuta mwanga ndani ya konyeza. Kule Uganda, wakati unasoma haya, kuna kimelea kinachojifunza kula kidogo ili kiokoke. Kuna mtu atakayepima jinsi kinavyofanya hivyo, nanomita kwa nanomita. Anaweza kuwa wa Hamburg tena. Anaweza pia kuwa wa Kisumu, na kati ya watu watakaoamua hilo, wewe ni mmoja.